Dini ya Mgombea na Kura ya Mwananchi



Kila uchaguzi unapokaribia, katika nchi yoyote ile, liko swali ambalo watu huliuliza kwa sauti ya chini: yule bwana ni wa dini gani? Mwulizaji hutazama kwanza huku na huku, naye mwenzake hujibu kwa mkato, kisha mazungumzo yaendelea juu ya mvua na bei ya mahindi. Swali lenyewe si dhambi. Mtu anayeomba kukabidhiwa serikali aomba kuaminiwa, na imani yake ni sehemu ya nafsi yake. Si kosa kutaka kuijua. Lililo gumu ni lile tunalolifanya na jibu tukiisha kulipata.

Juma hili twapenda kulichungua jambo hili katika nchi ya Marekani, kwa kuwa huko lilijaribiwa waziwazi mara mbili katika muda wa miaka 32, na wote wawili waliojaribiwa walikuwa Wakatoliki. Tena ni rahisi kuona sawasawa mahali ambapo hatuna ndugu anayegombea.

Sheria na moyo wa mpiga kura

Katiba ya Marekani, iliyotungwa mwaka 1787, yasema katika kifungu chake cha 6 kwamba mtu asidaiwe kamwe kuwa wa dini fulani ili apewe kazi ya serikali. Nyongeza ya kwanza, iliyokubaliwa mwaka 1791, yalikataza Bunge kuweka dini ya dola au kuwazuia watu kuifuata dini yao. Maneno ni mazuri. Lakini sheria hiyo hufunga mkono wa serikali. Mkono wa mpiga kura haiufungi. Yeye akiwa peke yake na karatasi yake aweza kumkataa mtu kwa sababu ya rozari iliyo mfukoni mwake, wala hakuna hakimu atakayemwita. Ndiyo maana tangu George Washington alipoapishwa mwaka 1789, hata kufika mwaka 1961, hakuna Mkatoliki aliyekalia kiti cha Rais, ingawa mwishoni mwa muda huo karibu Mmarekani mmoja katika kila wanne alikuwa Mkatoliki.

Wengi wa Wakatoliki hao walikuwa wana wa wahamiaji: Wairishi walioikimbia njaa kuu iliyoanza mwaka 1845, na Wajerumani, Waitalia, Wapolandi. Walikuja maskini, wakakaa mijini, wakajenga parokia na shule zao wenyewe. Wenyeji wa Kiprotestanti waliwaona kama raia wa mfalme mwingine. Mkatoliki humtii Papa, walisema. Akiwa Rais, amri zitatoka Roma.

Yatupasa tuwe wakweli hapa. Hofu ile ilichochewa na chuki nyingi na uongo mwingi, lakini haikuota hewani. Papa Pio IX, katika orodha ya makosa aliyoitoa mwaka 1864, aliyakataa mafundisho ya kwamba Kanisa litengwe na dola. Papa Leo XIII, alipowaandikia Maaskofu wa Marekani mwaka 1895, aliisifu hali ya Kanisa lao chini ya sheria za haki, ila akawaonya wasidhani kwamba mpango wa nchi yao ndio mfano bora wa kufuatwa mahali pote. Mprotestanti aliyesoma maneno hayo alikuwa na haki ya kuuliza. Wakatoliki wa kawaida hawakuyasoma, na hilo lilizidisha taabu, maana waliulizwa maswali wasiyojua yametoka wapi.

Gavana Smith

Bwana Alfred Smith alizaliwa New York mwaka 1873. Baba yake alipofariki, aliacha shule akiwa mtoto bado, na baadaye akafanya kazi katika soko la samaki la Fulton. Alizoea kusema kwa utani kwamba shahada yake aliipata katika soko hilo. Alichaguliwa mara nne kuwa Gavana wa New York, akasifiwa kwa sheria zilizowalinda wafanyakazi. Mwaka 1928 chama cha Demokrati kikamsimamisha agombee urais, Mkatoliki wa kwanza kusimamishwa na chama kikubwa cha nchi ile.

Mwaka mmoja kabla, Aprili 1927, mwanasheria mmoja aitwaye Charles Marshall alikuwa amemwandikia barua ya wazi katika gazeti la Atlantic Monthly. Hakutukana. Alinukuu barua za Mapapa, akauliza namna gani Mkatoliki mwaminifu aweza kuishika Katiba ya Marekani kwa moyo wote. Husimuliwa kwamba Smith aliisoma barua ile, akawageukia rafiki zake, akawauliza ensiklika ni mdudu gani. Iwe kweli au utani wa watu, kisa hiki chaonyesha hali ya waumini wengi wa wakati ule: walikwenda Misa, waliungama, walifunga Ijumaa, wala hawakujua kwamba jirani yao alilala macho kwa ajili ya waraka wa kilatini.

Jibu la Smith lilitoka mwezi wa Mei. Alisaidiwa na Padri Francis Duffy, aliyepata sifa kama padri wa jeshi katika vita vya kwanza vya dunia. Alisema kwamba amekuwa katika kazi za serikali miaka mingi, wala hajapata kuona kiapo chake kikigombana na imani yake. Kwamba aamini uhuru wa dhamiri kwa watu wote. Kwamba hakuna mamlaka katika Kanisa lake yenye nguvu ya kuingilia Katiba ya nchi.

Jibu lilikuwa safi, lakini wasomaji wa Atlantic Monthly hawakuwa wengi. Vijijini, hasa kusini, yalitembea maneno mengine. Treni ya Smith ilipoingia Oklahoma, watu wa Ku Klux Klan waliwasha misalaba ya moto kando ya reli. Mji wa New York ulikuwa umefungua mwaka 1927 njia ya Holland, ipitayo chini ya mto Hudson; basi picha ya Gavana katika ufunguzi ikasambazwa pamoja na uvumi kwamba njia ile itaendelezwa chini ya bahari mpaka Vatikano. Twacheka leo. Lakini uvumi wa namna hiyo haukutungwa kwa ajili ya watu wenye kupima. Ulitungwa kwa ajili ya wale waliokwisha kuogopa.

Katika uchaguzi wa Rais wa Marekani kila jimbo la nchi lina hesabu yake ya wajumbe wa uchaguzi, na kwa kawaida mwenye kulishinda jimbo huwachukua wajumbe wote wa hapo. Herbert Hoover alipata wajumbe 444, Smith 87. Smith alishindwa hata nyumbani kwake New York. Texas, Florida, Virginia na majimbo mengine ya kusini, yaliyokuwa ngome ya Demokrati kwa miaka mingi, yalimhama.

Je, dini yake ndiyo iliyomwangusha? Wengi wa Wakatoliki waliamini hivyo, na uchungu huo waliukalia miaka 30. Lakini mwaka 1928 nchi ilikuwa na neema ya biashara, na watu hawabadili nahodha bahari ikiwa shwari. Hoover mwenyewe alijulikana kwa kuwalisha Wabelgiji wenye njaa wakati wa vita. Smith aliipinga sheria ya kukataza pombe, jambo lililowachukiza sana watu wa mashamba, na lafudhi yake ya mjini iliwakera waliomsikia katika redio. Yaelekea Mdemokrati yeyote angeshindwa mwaka ule. Tena jambo moja husahauliwa: Massachusetts na Rhode Island, majimbo yenye Wakatoliki wengi, yalimpa Smith ushindi. Dini ilimnyang'anya kura upande mmoja na kumpa upande mwingine.

Hesabu za mwaka 1956

John Fitzgerald Kennedy alizaliwa karibu na Boston mwaka 1917, mwana wa tajiri mkubwa, akawa mjumbe wa Seneti mwaka 1953. Mwaka 1956 alitaka kusimamishwa kuwa Makamu wa Rais. Msaidizi wake, Bwana Theodore Sorensen, akaandika karatasi iliyopitishwa kwa wakubwa wa chama kwa jina la John Bailey, kiongozi wa Demokrati katika Connecticut. Karatasi ile ilidai kwamba Mkatoliki katika tiketi ya chama ataleta faida, kwa kuwa Wakatoliki ni wengi katika majimbo makubwa yenye wajumbe wengi wa uchaguzi.

Msomaji aangalie vizuri. Hapa dini ya mtu yapigiwa hesabu kama magunia ya kahawa. Wale waliolalamika kwamba Waprotestanti hupiga kura kwa dini walikuwa wenyewe wakizihesabu kura za dini. Kennedy hakupata cheo kile mwaka 1956, lakini hesabu ilibaki katika sanduku.

Machi 1959 aliliambia gazeti la Look kwamba dini ya mtu iwe ipi katika maisha yake ya faragha, kwa mwenye kazi ya serikali hakuna kinachotangulia kiapo chake cha kuilinda Katiba. Alitaka kuwatuliza Waprotestanti, akawachokoza Wakatoliki. Magazeti kadhaa ya Kikatoliki yalimkemea. Nasi, ingawa twamheshimu, twaona walikuwa na neno. Hata kiapo chenyewe chapata nguvu kwa sababu mtu ana dhamiri mbele ya Mungu. Ukiiondoa dhamiri ili kukipa kiapo nafasi, umekikata kiapo mzizi.

Wisconsin na West Virginia

Mwaka 1960 alitaka urais wenyewe. Katika uchaguzi wa awali wa chama huko Wisconsin, Aprili 5, alimshinda Seneta Hubert Humphrey kwa asilimia 56 hivi. Badala ya kumpongeza, waandishi walichukua ramani na kuonyesha kwamba alishinda zaidi palipokuwa na Wakatoliki. Ikabaki West Virginia, nchi ya milima na machimbo ya makaa ya mawe, ambako Wakatoliki walikuwa kama 5 tu katika kila watu 100. Mwanzoni uchunguzi wa maoni ulimwonyesha akiongoza kwa mbali. Watu walipokwisha kujua kuwa ni Mkatoliki, mizani ikapinduka.

Washauri wengine walimwambia anyamaze. Yeye akaamua kusema. Aliwaambia wachimba makaa kwamba hakuna aliyemwuliza dini yake alipojiunga na jeshi la majini, wala hakuna aliyemwuliza kaka yake Joseph kama ni Mkatoliki au Mprotestanti kabla hajapanda ndege ya vita iliyomwua mwaka 1944. Mei 10 alipata karibu asilimia 61. Humphrey akajitoa katika mashindano.

Ulikuwa ushindi wa ujasiri, hatukatai. Lakini haki yataka tumkumbuke na aliyeshindwa. Humphrey hakuwa mtu wa chuki. Alikuwa ametetea haki za watu weusi wakati wengi walinyamaza. Kwa namna Kennedy alivyoliweka jambo, kumpigia yeye kura kulikuwa ushahidi wa moyo mpana, na kumpigia mwenzake kulifanana na ubaguzi. Mwalimu wa shule wa West Virginia aliyempenda Humphrey kwa sababu ya mashamba na mishahara, angejiteteaje? Hiyo nayo ni njia ya kuitumia dini kuvuta kura.

Usiku wa Houston

Septemba 7, 1960, wachungaji na walei wa Kiprotestanti wapatao 150 walikutana Washington. Aliyejulikana zaidi kati yao alikuwa Norman Vincent Peale, mwandishi wa vitabu vilivyouzwa sana. Walitangaza kwamba Rais Mkatoliki hawezi kuepuka kusukumwa na wakuu wa Kanisa lake. Waliojibu kwa ukali wa kwanza walikuwa Waprotestanti wenzao: wanateolojia Reinhold Niebuhr na John Bennett wa New York. Naye Richard Nixon, mpinzani wa Kennedy, alikuwa amekwisha kuwakataza watu wake kuigusa dini katika kampeni. Tumpe kila mtu haki yake.

Siku tano baadaye, Septemba 12, Kennedy alikwenda Houston, Texas, katika hoteli ya Rice, kusema mbele ya chama cha wachungaji wa mji ule. Walikuwa kama 300. Hotuba ilitungwa na Sorensen, ambaye hakuwa Mkatoliki, na kabla ya kusomwa ilipitishwa kwa njia ya simu kwa Padri John Courtney Murray, Mjesuiti. Padri huyo alikuwa ameandika miaka mingi juu ya uhuru wa dini, mpaka wakubwa wake wakamtaka anyamaze katika miaka ya 1950.

Kennedy aliwaambia kwamba aamini Marekani ambamo utengano wa Kanisa na dola ni kamili. Ambamo hakuna Askofu awezaye kumwambia Rais Mkatoliki la kufanya, wala mchungaji awezaye kuwaambia waumini wake nani wa kumpigia kura. Alikumbusha vita vya Alamo katika nchi ile ile ya Texas, ambako pamoja na mashujaa wanaojulikana na wote walikufa akina Fuentes na McCafferty, na hakuna ajuaye kama walikuwa Wakatoliki, maana hapakuwa na mtihani wa dini pale. Alisema yeye si mgombea wa Wakatoliki. Ni mgombea wa chama chake ambaye imetukia kuwa Mkatoliki. Kisha akasema neno ambalo kwetu ndilo kiini cha usiku ule: kwamba kama ungefika wakati ambapo kazi ya Rais ingemlazimisha ama kuivunja dhamiri yake ama kulidhuru taifa, angejiuzulu.

Linganisheni neno hilo na lile la mwaka 1959. Kwanza alisema hakuna kinachotangulia kiapo. Sasa akiri kwamba kiko kitu ambacho hawezi kukiuza hata kwa urais, na kwamba kikigongana na kazi, kazi itakwenda. Wazazi wanaosoma ukurasa huu pamoja na vijana wao waweza kusimama hapa kidogo na kuwauliza: ni lipi kati ya maneno hayo mawili ambalo mtu wa dini yoyote angeweza kulisema kwa heshima? Mwislamu angeliweza? Mlutheri? Twadhani neno la pili laweza kusemwa na wote.

Lakini hatuwezi kuificha shaka yetu juu ya sehemu nyingine ya hotuba. Kennedy alizisemea imani zake kama mambo ya faragha, kama kwamba imani ni koti ambalo mtu hulitundika nje ya mlango wa ofisi. Kuwatengua Maaskofu na serikali ni jambo moja. Kuitengua imani na haki ambayo mtu huitenda akiwa serikalini ni jambo jingine. Yule mchungaji mweusi wa Atlanta aliyefungwa mwezi uliofuata hakutundika imani yake nje ya mlango.

Mzee King

Twamtaja Martin Luther King. Oktoba 1960 alikamatwa Atlanta kwa kudai watu weusi wahudumiwe mkahawani kama weupe, kisha akapelekwa gereza la Reidsville. Oktoba 26 Kennedy alimpigia simu Bibi Coretta King, aliyekuwa mjamzito, kumpa pole. Ndugu yake Robert akazungumza na hakimu, na King akaachiliwa siku iliyofuata. Baba yake King, mchungaji wa Kibaptisti, alikuwa amesema hatampigia Kennedy kura kwa kuwa ni Mkatoliki. Sasa akatangaza hadharani kwamba amebadili nia, na kwamba atamletea Kennedy kura za mkoba mzima.

Kennedy alisikia, akastaajabu kwamba mtu kama Martin Luther King awe na baba mbaguzi. Kisha akatabasamu, akasema kwamba kila mtu ana baba. Alikuwa akimfikiria wa kwake.

Katika miezi hiyo hiyo liko jambo lililotugusa sisi wa Afrika ya Mashariki. Julai 1960 Tom Mboya wa Kenya, Mkatoliki aliyesomeshwa na wamisionari, alimtembelea Kennedy huko Hyannis Port kuomba nauli za vijana wetu waliopata nafasi za masomo Marekani. Mfuko wa jamaa ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Upande wa Nixon ukahangaika kutafuta fedha za serikali kwa kazi ile ile, na kukawa na ugomvi katika Seneti. Vijana walifika; na wengi wa wapiga kura weusi, ambao walikuwa Wabaptisti na Wamethodisti, waliona mambo hayo kuwa na uzito kuliko ensiklika.

Pigo kutoka Puerto Rico

Wiki chache kabla ya kura lilitukia jambo ambalo maadui wa Kennedy wasingeweza kulitunga vizuri zaidi. Maaskofu wa Puerto Rico, kisiwa kilicho chini ya Marekani, walitoa waraka wa kuwakataza Wakatoliki wasikipigie kura chama cha Gavana Luis Muñoz Marín kwa sababu ya siasa zake zilizopingana na mafundisho ya Kanisa. Kule bara watu wakasema: haya, mmeona! Kennedy ilimbidi aseme kwamba hakubaliani na tendo hilo. Ya kustaajabisha ni matokeo ya kisiwani penyewe. Wananchi, ambao wengi wao sana walikuwa Wakatoliki, walikirudisha chama cha Muñoz Marín madarakani kwa kura nyingi.

Mwandishi wa makala haya ni padri, na hakuandika kisa hiki kwa furaha. Maaskofu wale walikuwa na haki ya kufundisha lililo jema na lililo baya. Walipovuka na kutaja chama, walitumia mamlaka matakatifu mahali ambapo waumini walijiona wana akili zao, na mamlaka yakarudi nyumbani na jeraha.

Hesabu ya Novemba 8

Kura zilizopigwa zilikuwa karibu milioni 69. Kennedy alimzidi Nixon kwa kura pungufu ya 120,000. Kwa wajumbe wa uchaguzi alipata 303, na Nixon 219. Kwa makadirio ya Gallup, Wakatoliki 78 katika kila 100 walimpigia Kennedy, na Waprotestanti 38 katika kila 100. Miaka minne nyuma karibu nusu ya Wakatoliki walikuwa wamempigia Eisenhower wa Republikani.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Michigan waliochunguza uchaguzi ule waliona kwamba, kura zote zikihesabiwa pamoja, dini yake ilimpotezea Kennedy zaidi ya asilimia 2. Hasara kubwa ilikuwa kusini; nje ya kusini alipata faida kidogo. Basi wote wawili walikuwa na haki kwa sehemu: yule aliyesema Mkatoliki hawezi kupendwa, na yule aliyeandika karatasi ya mwaka 1956.

Lakini tukiisha kuwalaumu Waprotestanti waliomkataa kwa sababu ya Misa yake, tutasema nini juu ya Wakatoliki wale waliompa kura kwa sababu ya Misa hiyo hiyo? Wengine walikuwa Wademokrati tangu zamani, wakarudi kwao. Wengine walifurahi kwamba mlango uliofungwa miaka 171 umefunguka, na furaha hiyo twaielewa. Lakini wako waliompigia kwa kuwa ni wetu, bila kuuliza atafanya nini juu ya kazi, shule, silaha au watu weusi. Hao walifanya kitendo kile kile cha Mbaptisti wa Texas aliyemkataa. Tofauti ni rangi ya karatasi tu. Ni vigumu kuliandika jambo hili katika gazeti la Kikatoliki, na kwa sababu hiyo lataka kuandikwa humu.

Na wale waliomchagua kwa kuwa ni wetu walipata nini? Mwaka 1961 Rais Kennedy alikataa fedha za serikali kuu zisitolewe kwa shule za parokia, akisema Katiba hairuhusu. Kardinali Spellman wa New York alikasirika hadharani. Muswada wa elimu ukafia katika kamati ya Bunge mwezi Julai, na kura iliyousaidia kufa ilikuwa ya mjumbe Mkatoliki wa New York aliyetaka shule zetu nazo zisaidiwe. Mahakama Kuu ilipokataza sala iliyotungwa na serikali katika shule za umma mwaka 1962, Kennedy aliwaambia watu waitii, na kwamba dawa iko karibu: wasali zaidi nyumbani. Sisi tunaona jibu hilo lilikuwa la Kikatoliki kuliko mengine yake mengi.

Mwalimu Julius Nyerere alipokelewa na Kennedy katika Ikulu ya Marekani Julai 1963. Walikuwa Wakatoliki wawili, kila mmoja akiongoza nchi ambamo Wakatoliki hawakuwa zaidi ya nusu. Mwalimu hakufikishwa pale na rozari yake. Waislamu wengi wa Dar es Salaam na pwani walikuwa nguzo za TANU tangu mwanzo wake mwaka 1954. Kennedy aliuawa Dallas Novemba 22 mwaka ule ule, na Kardinali Cushing wa Boston akamsomea Misa ya maziko.

Yaliyofuata

Desemba 7, 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha tamko juu ya uhuru wa dini. Padri Murray, yule aliyenyamazishwa, alikuwa mmoja wa watungaji wake wakuu. Mtaguso huo huo ulifundisha kwamba Kanisa na dola kila kimoja chajitegemea katika eneo lake, na kwamba Kanisa halifungamani na mfumo wowote wa siasa. Swali la Bwana Marshall la mwaka 1927 lilipata hivyo jibu ambalo Gavana Smith, aliyefariki mwaka 1944, asingeweza kulitoa kwa jina la Kanisa.

Ndipo hali ikageuka kwa namna ambayo hakuna aliyeitazamia. Joe Biden, Mkatoliki wa pili kuwa Rais, alichaguliwa mwaka 2020, na dini yake haikuwatisha Waprotestanti. Kura za Wakatoliki zenyewe ziligawanyika karibu nusu kwa nusu. Lakini kisa kilicho wazi zaidi ni cha mwaka 2004. John Kerry, Seneta wa Massachusetts kama Kennedy, aliyekuwa mtumishi wa altare utotoni, alisimamishwa na Demokrati. Alitetea sheria ya kuruhusu utoaji mimba, ingawa alisema yeye binafsi haupendi. Askofu Mkuu wa St. Louis akatangaza kwamba hatampa Komunyo Takatifu. Mwaka 1960 wachungaji wa Houston walitaka kuhakikishiwa kwamba mgombea hatawatii Maaskofu wake. Mwaka 2004 baadhi ya Maaskofu walimwuliza mgombea kwa nini hawatii. Kura zilipohesabiwa, Wakatoliki wapatao 52 katika kila 100 walikuwa wamempigia George Bush, Mmethodisti kutoka Texas, ambaye wachungaji wa Houston wasingalikuwa na swali la kumwuliza.